Mikono Kichwani Juu ya Manga

Nianze kwa kukiri kosa, maana kule kwetu nimeshalikiri mara nyingi hata limegeuka kuwa salamu. Jumapili ile nilipita karibu na nyumbani kwa mama yangu mzazi, nikaliona paa lake, nikaona hata moshi wa jikoni, na sikuingia. Sikuwa naharakisha kazini. Sikuwa naenda hospitali wala mazishini. Nilikuwa nimetoka kwangu Mosocho asubuhi na mapema kwenda Manga kukimbia tu, kukimbia kwa raha zangu, mimi mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwalimu wa hesabu, mwenye watoto wawili shule ya bweni.

Kukimbia nilianza miaka miwili iliyopita kwa sababu ya rafiki yangu mmoja, muuguzi, aliyeniambia bila kupepesa macho kwamba nikiendelea kupanda ngazi za shule nikihema vile, wanafunzi watanizika kabla ya muhula kwisha. Tukawa tunakimbia pamoja asubuhi kwenye barabara ya murram, ile isiyo na lami. Mwanzoni watu walituuliza nani anatukimbiza. Baadaye wakazoea, wakawa wanatusalimia kwa huruma, vile unavyomsalimia mtu mwenye kaugonjwa kasikoponyeka. Yule muuguzi ndiye aliyenifundisha siri moja: ukiishiwa na pumzi mlimani, weka mikono yote miwili kichwani, kifua kitafunguka na hewa itaingia. Siri hiyo inafanya kazi kweli. Iweke akilini, ndiyo iliyonichongea.

Sasa Manga. Ukisimama upande wa Kisii utauona ule mlima umeinuka kama ukuta, mrefu, na sehemu moja ni jabali tupu. Kule juu kuna uwanda wa nyasi na upepo, na siku isiyo na ukungu unaliona ziwa mbali kabisa. Siku hizi kuna kibao kinachokaribisha watalii, na watalii wenyewe ni shule zetu na wachumba wanaopigana picha ukingoni mpaka unataka kuwafokea warudi nyuma. Mimi na muuguzi tulikuwa tumejaribu mara mbili kuupanda tukikimbia bila kutembea hata hatua moja. Mara zote mbili tulishindwa. Mara ya pili tulikaa chini njiani tukala maembe.

Nikaamua kwenda peke yangu. Nilitaka siku moja tu ambayo hakuna mtu ataniita mwalimu, wala mama fulani, wala dada, wala wifi. Nikazima simu kabisa. Nikavaa suruali yangu ya kubana ya kukimbilia, na kwa kuwa kule ni kwetu, nikafunga leso juu yake, kiunoni. Mwanamke wa heshima zake hawezi kuonekana Manga akiwa amebanwa vile, hata kama anakimbizwa na nyuki.

Lakini ukweli wote ni kwamba nilikuwa nakikimbia kiti.

Mama yangu ana miaka sabini na minne. Msimu wa mvua uliopita aliteleza akitoka mtoni na debe la maji, maji ambayo hakutumwa na mtu, kwa sababu bomba liko nyumbani, lakini yeye husema ya mtoni ndiyo yanaivisha maharagwe. Akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa chuma, na mfupa ukashika vizuri. Daktari wa mazoezi alituonyesha picha, akatuambia mbele yake: mama, mguu umepona, kilichobaki ni kutembea. Kisha akanivuta kando kwenye ujia wa hospitali, akaniambia kwamba asipotembea, misuli italegea kabisa na ipo siku atataka kusimama asiweze. Akasema tusingoje mwaka uishe.

Mama akarudi nyumbani akakaa. Alikuwa akitoka kitandani hadi kitini, kitini hadi msalani, basi. Kiti chenyewe ni cha mbao, kina mikono, ni kile alichokuwa akikalia baba alipokuwa hai. Kiliwekwa barazani kinatazama lango. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamletea mkongojo mzuri wenye mpira chini. Alinijibu kila mara kwa upole ule ule: "Miguu imekataa, mwanangu." Miguu haikuwa imekataa. Mama alikuwa anaogopa kuanguka tena, na mimi nilikuwa naogopa kumwambia hivyo.

Kilichoniumiza zaidi ni jambo dogo. Kwetu mgeni hasindikizwi kwa maneno. Anasindikizwa kwa miguu hadi barabarani, na mkifika barabarani mnaanza mazungumzo upya mpaka boda wa tatu apite. Mama yangu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Aliwahi kumsindikiza mchungaji mpaka mchungaji akalazimika kumrudisha. Tangu aanguke, nikiaga, alinipungia mkono akiwa ameketi. Nilikuwa nikifika kwenye kona nageuka, kwa mazoea, na ninachoona ni kiti. Miezi minane, kiti. Nilianza kukichukia kama vile kilikuwa mtu. Wiki tatu kabla ya Jumapili hiyo sikwenda kabisa. Nilituma sukari na majani ya chai, nikapiga simu, nikasingizia mitihani.

Kwa hiyo nilimwambia mwenye boda anishushe upande wa Kisii, mbali na kwetu, nipande kwa njia ambayo hakuna anayenijua. Yeye naye alinitazama kuanzia viatu hadi leso.

"Madam, na mzigo iko wapi?"

"Sina mzigo. Naenda kukimbia."

"Sawa," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaelewa lakini amelelewa vizuri.

Nikaanza. Na jamani, asubuhi ile ilikuwa tamu! Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo mwekundu ulikuwa laini bila kuteleza sana, na migomba ilikuwa inadondosha maji shingoni mwangu kila nikipita. Wasabato walikuwa tayari mashambani, maana Sabato yao ilikuwa imekwisha jana yake, na Wakatoliki walikuwa wanashuka kwenda misa na viatu vyao mkononi. Niliwasalimia wote kwa kichwa. Nikapanda kipande cha kwanza nikihesabu hatua mia mia, mbinu ya mwalimu wa hesabu, na nilipofika nusu ya mlima pumzi ilikuwa bado iko. Nilijiambia leo ni leo.

Hapo ndipo nikakuta njia haipo. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo, imeula ujia wote, imeacha shimo na mgomba mmoja umelala kichwa chini. Nilibaki nakimbia pale pale nilipo ili nisihesabiwe kwamba nimesimama. Nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Nirudi, nishindwe mara ya tatu. Au nizunguke kwa njia ya chini ya upande wa pili, ile inayokata katikati ya majani ya chai, juu kidogo tu ya boma letu. Nilijiambia mama ameketi anatazama lango, hatazami mlima. Nitapita kama upepo, nitamaliza, kisha nitashuka kumsalimia. Labda. Nilisema labda, nisidanganye.

Basi nikapita. Nililiona paa letu pale chini, lenye mabati mawili mapya ya buluu katikati ya yale ya zamani yenye kutu. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa wifi yangu, mke wa kaka yangu, anayeishi na mama. Moyo ulinisuta, nikaongeza mwendo. Na njia ile ni kali kuliko ya kwanza. Kufika katikati ya shamba la chai, mapafu yalikuwa yanawaka. Jasho linaingia machoni, natokwa na machozi, kamasi sitaji. Nikakumbuka siri ya muuguzi. Nikaweka mikono yote miwili kichwani.

Sasa wewe uliyezaliwa kwetu umeshashika kichwa chako mwenyewe. Kwetu mtu mzima hakimbii ovyo. Mwanamke akionekana anakimbia, leso kiunoni, mikono kichwani, uso umelowa, hakuna anayeuliza kama ni mazoezi. Anauliza ni nani amekufa. Mimi nilijua hivyo tangu utotoni. Nimekimbia hivyo mwenyewe siku ya baba. Lakini mapafu yakiwaka, mila husahaulika.

Kulikuwa na mama mmoja anachuma chai, jirani yetu wa miaka mingi, kapu mgongoni. Akaniona. Akaacha mikono hewani.

"Ee Nyasae, Mungu wangu! Ni wewe? Kuna nini?"

Nilitaka kumwambia: hakuna neno, nitapita nyumbani nikishuka. Pumzi ikakataa kutoa hata herufi moja. Kwa hiyo nikatikisa kichwa, nikaondoa mkono mmoja, nikamwonyesha boma letu kule chini, kisha nikaurudisha mkono kichwani nikaendelea kupanda. Kwangu mimi nilikuwa nimesema yote.

Sikugeuka nyuma. Kama ningegeuka, ningeona kapu la chai limemwagwa njiani.

Nilifika juu. Nilifika juu nikikimbia, sikutembea hata hatua moja! Nilisimama pale kwenye nyasi, upepo unapiga leso, ziwa limetandaza kijistari cheupe kule mwisho wa macho, Kisii yote chini yangu na Nyamira yote mgongoni. Furaha ilinishika mpaka nikapiga yowe. Refu, la kutoka tumboni, kama wanafunzi wakifunga shule. Nikapiga la pili kwa ajili ya muuguzi ambaye hakuwepo. Baadaye niliambiwa kwamba sauti ile ilisikika vizuri sana kule chini, na kwamba iliondoa shaka kwa wale wachache waliokuwa nayo.

Nikaketi, nikafungua pindo la leso, nikala mayai mawili ya kuchemsha na parachichi, chumvi nimeifunga kwenye karatasi. Nilikuwa na raha, nakwambia. Hakuna aliyeniita mwalimu. Nililala chali, nikatazama mawingu yakienda zake, nikafikiria kwamba labda hata mtu mkaidi kama mama anahitaji tu kuachwa, na mimi nahitaji tu kuacha kujilaumu. Nilikuwa nimejisamehe karibu kabisa niliposikia nduru.

Mwanzo ilikuwa moja, ya mwanamke. Kisha ikajibiwa upande mwingine. Nikaenda ukingoni nikachungulia. Chini, kwenye vijia vyote vya kijani, watu walikuwa wanakimbia. Leso nyekundu, leso za manjano, mtu na jembe lake, mtu bila kiatu. Wote walikuwa wanaelekea mahali pamoja, na mahali penyewe palikuwa na paa lenye mabati mawili ya buluu.

Sijui kama nilipiga kelele. Nilitoa simu, nikaiwasha, nikakosea namba ya siri mara mbili. Ilipofunguka ilianza kulia na kuonyesha simu zilizokosa kupokelewa, moja baada ya nyingine. Wifi. Wifi. Wifi. Nikampigia. Ikaita mpaka ikakatika. Nikampigia tena, hivyo hivyo.

Hapo nikakimbia. Kule kukimbia kote kabla ya hapo nilikuwa nacheza. Sikuhesabu hatua. Nilishuka kwenye mawe ambayo mtu mwenye akili hushuka kwa makalio, nikaanguka mara moja, nikachubuka goti, sikulihisi. Nilikuwa nasema kwa sauti, peke yangu, kama mwendawazimu: nilipita, nilipita, niliona moshi nikapita. Kama kuna mtu amewahi kujichukia kuliko nilivyojichukia dakika zile, namwonea huruma. Wiki tatu! Na nilikuwa nimetuma sukari.

Kati ya shamba la chai na boma letu kuna mikaratusi kadhaa, na chini yake jiwe pana ambalo akina mama wenye mizigo hutua wakapumzika. Kutoka langoni kwetu si mbali kwa mwenye miguu yake, lakini ni mwinuko mtupu, na mvua ilikuwa imeulainisha. Nilizunguka mti wa mwisho, na pale penye jiwe nikaona kundi la watu linapanda polepole, polepole sana, kama watu wanaobeba kitu. Nilijiambia wameshambeba.

Hawakuwa wamebeba kitu. Katikati yao, mbele yao, alikuwa mama yangu, amesimama.

Alikuwa na mkongojo mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika bega la wifi. Matope yalikuwa yamefika magotini. Viatu vyake vya plastiki alikuwa amevivaa kinyume, cha kulia mguu wa kushoto. Uso ulikuwa umekauka kabisa kwa hofu. Aliponiona alimwachilia wifi, akapiga hatua mbili peke yake, akanishika mkono juu ya kiwiko akanibana.

"Ni nani?" akauliza. "Niambie sasa hivi. Ni mtoto gani?"

"Mama," nikasema. "Mama, uko hai?"

"Nakuuliza ni mtoto gani!"

"Watoto wako shule. Wako salama. Nilidhani ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

Yule mama wa chai akajitokeza, hana kapu, kitambaa cha kichwa kimehamia shingoni, akanyoosha kidole mbele ya umati.

"Si wewe ulishika kichwa? Si nilikuuliza, ukanionyesha nyumbani kwa mkono? Nikajua mama yenu ametuacha! Nimekimbia nikilia mpaka barazani kwake, nikamkuta ameketi anachambua maharagwe. Karibu nife mimi!"

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Walipomkuta mama mzima, waligeuza hesabu: basi aliyekufa ni wa kwangu, na mimi nimechanganyikiwa, nimepanda kulia ukingoni pa lile jabali. Wakamwambia mama hivyo hivyo, kwa sauti ya juu, watu kumi kwa pamoja. Wifi alinihadithia baadaye kwamba mama hakulia. Alisukuma ungo wa maharagwe chini, yote yakatapakaa, akasema, "Mtoto wangu yuko juu kule peke yake?" Mtu mmoja akasema waite boda. Mwingine akasema boda haiwezi njia ile, labda abebwe mgongoni. Wakati wakibishana nani atambeba, mama alikuwa ameshafika langoni.

Wifi ndiye aliyecheka kwanza. Alijaribu kuuficha mdomo kwa leso, ikashindikana. Kisha mzee mmoja mwenye jembe akacheka, na kicheko kikashika kundi zima mpaka mama mmoja akaketi matopeni. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja, kamasi sasa nataja. Mama peke yake hakucheka.

"Ulikuwa unakimbia kwa nini?" akauliza.

"Mazoezi, mama."

"Nani alikuwa anakukimbiza?"

"Hakuna."

"Hakuna." Alilirudia lile neno akiwatazama majirani, mmoja mmoja, kama mtu anayewakabidhi ushahidi. "Ametoka Mosocho. Amepita juu ya paa langu. Amekimbia, na hakuna anayemkimbiza. Na kuingia kunisalimia hakuweza."

Lo! Kicheko kikakata. Waliokuja kunililia sasa walinigeuka wote. Yule wa chai akasonya. Mzee wa jembe akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, na nikajua kwamba kudanganya msiba kungesamehewa mapema kuliko hili.

Ningeweza kusingizia mitihani. Nilikuwa nimechoka kusingizia.

"Sikutaka kukukuta kwenye kile kiti," nikasema. "Kila nikija nakukuta umekaa, nikiondoka nakuacha umekaa. Inaniuma. Naogopa siku moja hutaweza kuinuka tena. Nilikuwa naogopa, mama, basi."

Sikuwahi kumwambia hivyo hata tukiwa wawili tu, na sasa nimemwambia mbele ya kijiji kizima, na suruali ya kubana inaonekana kwa sababu leso ilikuwa imebaki kwenye kichaka fulani. Mama alitazama chini, kwenye miguu yake, akaviona viatu vilivyovaliwa kinyume. Akageuka polepole, akaiangalia ile njia aliyopanda, matope yenye alama za mkongojo mpaka langoni.

"Kiti kiko wapi?" akamuuliza wifi.

"Kiko kule chini," wifi akajibu.

"Mm," mama akasema.

Kushuka kulituchukua muda mrefu kuliko kupanda kwangu Manga nzima. Mzee wa jembe alijitolea kumbeba akakataliwa kwa jicho tu. Mama alitangulia kwa mkongojo, mimi upande mmoja, wifi upande wa pili, na mahali penye utelezi alituambia sisi tuangalie tusianguke. Aliponishika nilihisi anatetemeka. Alikuwa bado anaogopa, nilijua, na alikuwa anashuka hivyo hivyo.

Tulipofika barazani, yule mama wa chai alikuwa ametutangulia na amejibwaga kwenye kiti, chenyewe hasa, miguu imenyooka, anajipepea na kitambaa. Alitaka kuinuka. Mama akamzuia.

"Kaa, kaa. Wewe ndiye uliyekimbia."

Akapita, akaenda jikoni kwa wifi, akavuta kigoda karibu na meko. Kwetu watu wakishakuja msibani hawaondoki hivi hivi, hata msiba ukikosekana, kwa hiyo lile sufuria kubwa la harusi liliteremshwa, na mama akawa anatoa amri: majani yaongezwe, maziwa yatafutwe kwa jirani, ndizi zichemshwe, mboga ya saga ya jana ipashwe moto. Mimi nilitumwa kuokota maharagwe barazani, moja moja, na kila aliyepita na kikombe alinikumbusha nisiache hata moja. Mtu mmoja alipendekeza tuombe kabla ya kunywa. Mzee wa jembe akashukuru Mungu kwa marehemu wote wawili waliofufuka siku moja. Hapo ndipo mama alicheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso.

Jua lilipoanza kuinama niliaga. Niliaga wifi, nikaaga majirani waliobaki, nikamwendea mama kumshika mkono pale kigodani. Hakunipa mkono. Alinipa mkongojo nimshikie, akainuka kwa kujisukuma na goti, akautwaa tena.

"Twende," akasema.

Tulifika langoni. Nikasimama, nikijua hapo ndipo mwisho, na mwisho huo ulinitosha kabisa. Yeye hakusimama. Tulipita kwa mama wa duka, tukapita kisima cha zamani, tukisimama kila baada ya muda, yeye akisingizia kuangalia mahindi ya watu. Barabarani alianza mazungumzo upya: bei ya majani ya chai, watoto wangu watafunga lini, nani ameoa, nani ameachwa. Boda wa kwanza akapita. Wa pili akapita. Wa tatu nikamsimamisha, na mama akamwambia angoje kidogo, bado anamsindikiza mgeni.

"Siku nyingine ukija kukimbia," akaniambia, "anzia hapa. Nikuone ukienda."

"Sawa, mama."

"Na uvae nguo."

Nikapanda. Tulipofika kwenye kona, nikageuka kwa mazoea. Mama alikuwa bado yuko pale kando ya barabara. Mkongojo alikuwa ameuegemeza kwenye mti. Alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili, ameweka mikono yote miwili kichwani, anacheka.

Mwenye boda alimwona kwenye kioo, akapunguza mwendo.

"Madam, kwani kuna msiba?"

"Hakuna," nikamwambia. "Endesha."